Kodi ya nyumba Texas, mbona hawatuambii mapema?

Jamani hii kodi ya nyumba hapa Texas, sio pango, ni ile anayotozwa mwenye nyumba kila mwaka, inanikera sana. Mtu ananunua nyumba mpya pembeni ya Houston au Dallas, anaambiwa rejesho lako la mwezi ni hili na riba haibadiliki, anafurahi, halafu baadaye benki, ambayo inakusanya na kodi humo humo kwenye rejesho, inamwandikia malipo yamepanda sana, kisa? Kodi ya mwaka wa kwanza ilipigwa kwenye kiwanja tu maana Januari mosi nyumba ilikuwa haijajengwa, sasa wamehesabu nyumba nzima na ule upungufu wa nyuma nao unakatwa humo humo. Wauzaji wanalijua hili vizuri kabisa na wengi hawasemi!!

Na bili yenyewe sio ya mtu mmoja, kuna kaunti, kuna mji, kuna shule ambayo mara nyingi ndo kubwa kuliko zote, mitaa mipya mingi ina MUD pia, yaani mamlaka ya maji ya eneo lenu inayotoza kodi yake ya kulipia mabomba ya maji. Ukiuliza unarushwa huku na huku maana anayethamini nyumba sio anayepanga kodi.

Kinachoniuma zaidi ni wazee wetu walioishi miaka kwenye nyumba zao bila kujaza fomu ya homestead, yaani nafuu ya kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe, ile inayopunguza dola 140,000 kwenye thamani inayotozwa kodi ya shule na kuzuia thamani ya kutozwa isipande zaidi ya 10% kwa mwaka. Haiji yenyewe, lazima uombe, na kuomba ni bure. Barua ya thamani ikija, mwisho wa kupinga kwa kawaida ni Mei 15, pingeni jamani msiitupe kwenye droo.