Hori la Darajani liligawa mji wa Unguja, au tunalisingizia?

Watu wanapita Darajani kila siku kwenda sokoni na hawajiulizi hilo daraja lenyewe liko wapi. Jina lipo, daraja hakuna. Na Ng'ambo ni ng'ambo ya nini, wakati unavuka barabara tu ushafika? Jibu ni kwamba Mji Mkongwe wote, Shangani mpaka Malindi, ulikuwa rasi, kipande cha nchi kama pembetatu kilichojitokeza baharini, na nyuma yake upande wa mashariki kulikuwa na hori, yani mkono wa bahari, lililoingia kutokea Funguni likateremka mpaka karibu na Mnazi Mmoja, kwahiyo maji yakijaa, hasa siku za bamvua, mji unabaki kama kisiwa, umeshikwa na shingo nyembamba tu upande wa kusini. Wakati wa Waingereza hori likafukiwa kidogo kidogo, likaishia kuwa barabara na viwanja, na daraja la kulivukia likabaki jina tu, kama Ng'ambo iliyokuwa ng'ambo ya hori.

Sasa kuna hoja inayorudiwa sana, kwenye vitabu na hata kwa waongoza watalii, kwamba hori ndilo lililogawa mji, huku mawe kule udongo, huku matajiri kule wanyonge. Mie siikatai moja kwa moja maana jiografia ina haki yake hapa. Sultani wa Oman, Seyyid Said, alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati miaka ya 1830 na biashara ya karafuu, pembe na watumwa ikapamba moto, kila mfanyabiashara alitaka awe karibu na bandari, na bandari ilikuwa kwenye rasi. Ardhi ni ndogo, watu wakajenga kwenda juu, mawe ya matumbawe na chokaa. Ingia nyumba yoyote ya zamani pale utizame dari, utaona boriti za mikoko zimepangwa, na chumba ni kirefu lakini chembamba, sababu boriti ina urefu wake na ukuta lazima uifuate. Nyumba kama hizo ni gharama, asiyekuwa nazo akavuka maji akajenga ya miti na udongo. Kwahiyo ndio, hori lilichuja watu.

Lakini ukilisimamisha hori kama ukuta unakosea. Kwanza maji yakitoka lilikuwa tope, watu wanavuka kwa miguu. Pili rasi yenyewe haikuwa ya mawe tupu, mwanzoni mwa karne ya 19 vibanda vya makuti vilikuwa vingi humo humo mjini, na ndani ya hizo nyumba kubwa waliishi watumwa na watumishi, chini ya paa moja na mabwana zao. Na Ng'ambo hakukuwa na kabila moja, walikuwepo Waarabu na Wahindi wenye maduka. Halafu mchukue mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, kakaa Ng'ambo na taarabu lake limepikwa huko huko Ng'ambo, kisha 1928 anakwenda Bombay kurekodi santuri na sauti yake inapigwa majumba ya mawe. Ukuta gani huo unaopitisha sauti hivyo?

Kwa maoni yangu kilichogawa zaidi ni karatasi, yani sheria na kodi. Mpango wa mji wa 1923 wa Muingereza Lanchester, mpangaji wa miji, uliuona mji kwa mafungu ya watu, na Ng'ambo mtu alimiliki kibanda lakini ardhi ya mwengine, analipa kodi ya kiwanja kila mwezi, mpaka 1928 wakagoma. Na mapinduzi ya 1964 yaliliona hilo vizuri, maana hayakuhangaika na hori ambalo lilishakuwa nchi kavu, yalikwenda kwenye umiliki, majumba ya mawe yakataifishwa familia nyingi zikahamia humo, na Ng'ambo yakainuliwa yale magorofa marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ila na hayo magorofa yalibomosha mitaa ya watu, tusisahau.

Linaloniuma ni kwamba mpaka ule ule umerudi kwa sura nyengine. Mwaka 2000 Mji Mkongwe umeingizwa urithi wa dunia, na eneo lenyewe kwa kiasi kikubwa linaishia pale pale hori lilipokuwa. Wapo wanaotetea hivyo na wana hoja nzito: hiyo rasi peke yake imetushinda, Beit el Ajaib, kasri la Sultani la mwaka 1883, jengo kubwa kuliko yote humo mjini, lilianguka kipande tarehe 25 Disemba 2020 na watu wakafa, sasa utaongeza mzigo wa Ng'ambo kwa pesa ipi? Kweli. Lakini kulinda sio lazima iwe kukarabati kila ukuta kwa mamilioni. Nyengine ni kuandika tu, kupima, kupiga picha, kuuliza wazee kabla nyumba haijashuka. Nyumba ya udongo ya Ng'ambo, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku na uwa nyuma, inavunjwa asubuhi na jioni tofali zishamwagwa, na mara nyingi hakuna hata aliyeichora.