Gari la huku haliuawi na mashimo

Ndugu zangu wa Kigoma wana imani moja iliyonishinda kuing'oa: kwamba gari likitembea kwenye lami ya Uingereza halizeeki. Wakiona picha za barabara zisizo na shimo wala vumbi, wanaamini chuma cha huku kinaishi raha mustarehe. Mimi nasema kinyume. Barabara ya Kasulu enzi za vumbi ilikuwa inamaliza bushi, springi na shokapu, lakini chasisi ilibaki, na fundi wa Mwanga alikurudisha barabarani kabla jua halijazama. Huku shokapu zinadumu. Kinachooza ni chasisi.

Muuaji ni chumvi. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, utabiri ukionyesha kwamba uso wa barabara utakaribia nyuzi sifuri, malori ya halmashauri yanatoka usiku kumwaga chumvi ya mawe, kwa kawaida gramu 10 hadi 20 kwa kila mita ya mraba, na theluji ikitarajiwa yanafika hata 40. Maji yenye asilimia 10 ya chumvi hayagandi mpaka baridi ifike kama nyuzi 6 chini ya sifuri. Watu wanapona kwa ajili hiyo, silipingi hilo. Chumvi nyingi inachimbwa chini ya ardhi huko Winsford, Cheshire, si mbali na ninapoishi. Ina rangi ya udongo, huwezi kuitia kwenye mchuzi wa migebuka. Lakini kwa mtu aliyezoea treni kusimama Uvinza, ambako maji ya chemchemi yamechemshwa kupata chumvi tangu enzi za mababu, na chumvi hiyo ikabebwa na misafara ya karne ya 19, kuona tani na tani zikimwagwa barabarani kwa kodi ya wananchi ni jambo la kuzoea polepole. Mama mpaka leo anadhani namtania.

Sasa, gari langu ni la kujiungia mwenyewe. Linauzwa kwa vipande, unaletewa makasha, unakesha nalo bandani kwa spana na bolti. Waingereza walianza kuyapenda kwa sababu ya kodi: gari zima lilitozwa kodi ya mauzo, vipande havikutozwa, mpaka VAT ilipoingia mwaka 1973. Mwaka huohuo kampuni ya Caterham ndiyo ilichukua haki za kuendelea kutengeneza Lotus Seven, gari la mwaka 1957, na umbo lile linaigwa hadi leo: pua ndefu, magurudumu ya mbele yako nje, paa ni la turubai kama lipo. Uzito ni kilo mia tano na ushei. Shemeji yangu wa Ujiji analiita bajaji iliyolala.

Wepesi huo una gharama yake. Chasisi ni mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, yakapakwa rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri. Juu yake zimepigwa ribiti karatasi za alumini. Rangi ile ni ngumu, inapendeza, na inadanganya. Kokoto ikiipasua mahali padogo, maji ya chumvi yanapenya na kutambaa chini yake, kutu inasambaa huku juu kukionekana salama, mpaka siku unaigusa kwa kidole inabanduka kama ganda. Pale alumini inapogusana na chuma pana balaa jingine: metali mbili tofauti zikiunganishwa na maji ya chumvi zinakuwa betri, na inayoliwa ni alumini. Utaona unga mweupe kuzunguka ribiti. Bolti za chuma kisichoshika kutu, ambazo watu huweka wakidhani wamemaliza kazi, nazo zinaila alumini vilevile.

Kwa hiyo kazi ya kuzuia ni ya Septemba. Anayeanza Januari anafunika uchafu. Gari lioshwe chini, likauke kabisa, penye rangi iliyopasuka pakwanguliwe mpaka chuma kionekane na kupakwa upya. Kisha nta ya majimaji kama Waxoyl au Dinitrol inapulizwa ndani ya mabomba kupitia matundu madogo, kwa sababu chuma huoza kutokea ndani pia. Kwenye nyaya, viungo na ribiti mimi hupuliza ACF-50, mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa ajili ya ndege, ambayo hutambaa yenyewe mpaka kwenye mianya. Wanaounga gari upya wapake Duralac, dawa nzito ya kuzitenga metali mbili, kati ya alumini na chuma kabla ya kupiga ribiti. Ukishapiga, nafasi imepita. Diski za breki zifunikwe wakati wa kupuliza, jamani. Gari lisilo na kutu na lisilosimama halina faida kwa mtu.

Kaka yangu aliniuliza kwa nini nisipake mawese, yapo tele nyumbani. Nilicheka lakini swali si la kijinga. Mawese ghafi yana asidi za mafuta, na asidi hizo zinakichokoza chuma badala ya kukilinda, tena yakikaa yanachacha. Ila wazo la mafuta ya asili lipo: huku wengi wanapaka lanolini, mafuta yanayotoka kwenye sufu ya kondoo.

Wala sisi hatuhitaji kufundishwa hili na mtu. Liemba yenyewe, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, ilikuja kwa vipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha yanayosemwa kuwa 5,000, ikapanda meli hadi Dar es Salaam na treni hadi Kigoma, ikaunganishwa pale kwa ribiti. Wajerumani walipoizamisha wenyewe Julai 1916 ili adui asiichukue, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Ilikaa majini mpaka 1924 ilipoopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa mitambo ileile. Ziwa letu ni maji baridi, na hilo liliisaidia. Ingezama baharini pengine kungekuwa na hadithi nyingine. Lakini grisi ilipakwa kabla ya maji, na ndiyo hoja yangu.

Watu wa huku wengi wanamaliza tatizo kwa kulifungia gari la namna hii ndani majira yote ya baridi. Wanatoa taarifa serikalini kwamba haliko barabarani, hawalipi kodi ya barabara, wanasubiri mvua za machipuko zisafishe lami. Nyumbani hili halieleweki kabisa: una gari, lina mafuta, na unapanda basi? Mimi naliendesha siku kavu, nikirudi naliosha kwa maji mengi ya bomba, taratibu. Mashine ya presha ikielekezwa kwenye maungio inasukuma chumvi ndani zaidi. Na siliingizi kwenye chumba chenye joto likiwa na chumvi. Joto linaharakisha kutu, na chumvi hunyonya unyevu wa hewani hata kama hakuna tone la maji sakafuni. Banda la baridi lenye upepo ni bora kuliko gereji ya kifahari.

Ukaguzi wa kila mwaka wa huku, ule wa MOT, unaangalia kutu kwa makini, hasa ndani ya sentimita 30 kutoka pale mikanda ya viti, usukani au springi zinaposhikilia. Pakiwa pameoza, gari linaanguka mtihani hata kama injini inaimba. Mengine hayatengenezwi tena. Yanauzwa, na baadhi yanapanda meli.

Ndiyo maana mnaponitumia matangazo ya magari, ya hapa au ya Japani (nako kaskazini, Hokkaido, theluji ni nyingi na chumvi inamwagwa), mkisifia kilomita chache na viti visivyochanika, mimi naomba picha ya chini ya gari. Paipu za breki, maungio ya springi, kingo za sakafu. Chini kukiwa kumepigwa rangi nyeusi mpya inayong'aa, ulizeni imepakwa lini na kwa nini. Gari la michomoko, yale madogo ya abiria, lililozunguka Kigoma na Kasulu miaka kumi linaweza kuwa na chasisi nzima kuliko hilo, na fundi wenu anaweza kulala chini yake akaniambia mwenyewe.