Kutoboa Pua ya Mtoto Mchanga Si Mwisho wa Tiba

Hapa Tanga, mtoto mchanga akikoroma au akishindwa kunyonya, wakubwa wa nyumba husema ni mafua, na yasipokwisha husema ni kimio. Wapo ambao mpaka leo humpeleka kwa mkata kimio, jambo la hatari, ilhali huenda tatizo liko juu ya hapo: matundu ya nyuma ya pua, yanayofungukia kwenye koromeo, yamezibwa tangu tumboni kwa mfupa, mara nyingi mfupa na utando pamoja. Hali hii humpata takriban mtoto 1 kati ya 7,000, wasichana zaidi kuliko wavulana.

Pande zote mbili zikiziba, mtoto akifunga mdomo anyonye, ulimi na midomo hugeuka rangi ya bluu. Akilia, rangi hurudi, kwa kuwa kilio humfungulia njia ya mdomo. Mkunga akiweka kijiko baridi chini ya pua kisipate ukungu, na mpira mwembamba wa kufyonzea ukagoma kupita, amwite daktari bila kusubiri. Ukiziba upande mmoja tu, mtoto anaweza kufika umri wa shule akitokwa na makamasi mazito tundu moja, na miaka yote akatibiwa mafua.

Upasuaji upo, na siku hizi hufanywa zaidi kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani. Hata hivyo, kutoboa ule ukuta ni sehemu ndogo ya kazi. Mfupa ukiachwa wazi bila utando wa kuufunika huota nyama mbichi, nyama hiyo hugeuka kovu, na kovu hulivuta tundu hadi lizibe tena. Ndiyo maana wapasuaji wengi huondoa pia kipande cha nyuma cha mfupa unaotenganisha matundu ya pua, kisha huulaza juu ya jeraha utando waliouhifadhi. Mirija ambayo kwa miaka mingi iliachwa puani kwa wiki kadhaa ili njia isizibe, yenyewe huweza kuchubua ukingo wa pua, kukamata makamasi na kuchochea nyama zile zile inazotakiwa kuzizuia, na mimi nawaunga mkono madaktari wanaoikwepa pale inapowezekana.

Wazazi waelezwe haya yote kabla ya kutia saini. Mama aliyerejea Tanga kutoka Dar es Salaam, safari ya kilomita zipatazo 350, akimwona mwanawe ananyonya vizuri, ataona tarehe ya kurudi kliniki ni nauli ya bure, kumbe kovu hujengeka katika majuma hayo hayo. Nauli na mtu wa kuichungulia pua hiyo vipangwe kabla ya upasuaji, na karatasi ya kuruhusiwa iandikwe kwa Kiswahili: namna ya kuosha pua kwa maji ya chumvi ya hospitali, na kwamba mtoto akianza tena kukoroma, au kuachia titi kila mara ili apumue, arudishwe siku hiyo hiyo.