Wa ofisini nao wanafaa kujulikana

Asanteni kwa makala yenu ya kutuonyesha watu wa ofisini wa NSS, kile chama cha wachunguzi wa mapango cha Marekani cha tangu 1941, makao yake Huntsville, maana watu wakisikia pango wanamuwaza yule wa helmeti na taa tu, kumbe kuna wa kusajili wanachama, wa kutunza kumbukumbu, na wengi wanajitolea bure kabisa. Sasa sie huku Lindi tuna pango la Nang'oma, kwenye vilima vya Matumbi kule Kilwa, wazee wetu walijificha humo vita ya Majimaji, na wanaolijua pango lile ni wenyeji wa palepale, ndo wanawaongoza wageni. Jamani, hao waongozaji nao wapeni helmeti, kamba na posho ya kueleweka!