Gauni la Krismasi na Geti Lenye Kufuli

Nilimtambua kwa gauni kabla ya sura. Satini ya njano, mkanda wa kufunga nyuma, neti nyeupe chini ya sketi ili litanuke, na mshono wa kwapani nilioufumua na kuurudia kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kazi. Nililimaliza saa nane usiku wa kuamkia tarehe 24. Sasa lilikuwa linanijia pembeni mwa barabara karibu na Jamatini, saa kumi na moja jioni ya Krismasi, limevaliwa na mtoto wa miaka mitano aliyeshika viatu mkononi. Alikuwa analia bila sauti, kilio cha mtoto aliyelia mpaka sauti ikaisha.

Nikachuchumaa nikamuuliza, "Mama, kwenu wapi?" Akasema kwao kuna mbuyu. Hilo tu. Dodoma hii mibuyu iko kila upande. Jina la mama yake alijua ni Mama Junior. Alitoka asubuhi na kaka zake wawili kwenda kutembea Nyerere Square, bustani ya katikati ya mji, kama watoto wa jiji hili wanavyotembea kila sikukuu, wakapotezana katikati ya wapiga picha na wauza maputo.

Mimi ni fundi cherehani, na nina daftari. Kila oda naandika vipimo, siku ya kuchukua na namba ya simu, maana Desemba kazi ni nyingi na kichwa peke yake hakitoshi. Tukaongozana hadi kibandani kwangu Majengo, nikampa maji, nikatafuta ukurasa wa gauni la njano. Kifua 22, urefu 24, kabaki na deni la elfu tatu, na namba iko pale. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena. Mara ya nne akapokea jirani, akampa mama wa mtoto, na mama wa mtoto hakuweza kusema neno.

Alikuwa amekaa mlangoni mwa ofisi ya serikali ya mtaa wao kule Chang'ombe. Mlango una kufuli, na namba ya simu iliyoandikwa ukutani kwa rangi haikupokelewa. Waliomsaidia ni msikiti wa jirani. Yeye ni Mkristo, siku yenyewe ni Krismasi, na spika za msikiti zikatangaza mara tatu kwamba mtoto wa kike mwenye gauni la njano amepotea, atakayemwona ampeleke nyumbani kwao au kituo cha polisi. Nikilikumbuka hilo koo linakaba hadi leo.

Saa moja usiku mtoto alikuwa kwao. Mimi hasira haijanitoka tangu siku ile.

Najua watakaosema mama ni mzembe. Nawaomba waje wakae kwenye benchi langu wiki ya mwisho ya Desemba. Wataona mama aliyeanza kuleta elfu moja moja tangu Septemba, pesa ya mandazi, pesa ya kufua nguo za watu, ili mtoto asivae ya mwaka jana. Wataona baba aliyetoka kubeba zege Ihumwa, vumbi la saruji bado nyusini, anashika gauni kwa ncha za vidole asilichafue. Wataona bibi anayetaka wajukuu sita washonewe kitenge kimoja, na kitenge hakitoshi, na tunakaa naye chini kukata na kuunga mpaka kinatosha. Wanaleta Wakristo, wanaleta na Waislamu, maana mtoto haangalii sikukuu ni ya nani anapoona mwenzake kavaa. Watu wanaojinyima miezi minne kwa ajili ya siku moja ya mtoto si wazembe.

Wote wananiuliza swali lile lile: "Fundi, itatoka kabla ya sikukuu?" Miaka yote nimejibu itatoka. Sijawahi kuwauliza mtoto akishaivaa anakwenda nayo wapi.

Fikiria siku yenyewe. Asubuhi kanisani. Saa saba pilau na soda, sahani moja kwa jirani, sahani moja inarudi na kitu. Saa nane watu wazima wameshiba na kuchoka, watoto wamekusanya mkono wa sikukuu, mia mbili huku, mia tano kule, na jua bado kali. Kuanzia hapo mtaani hakuna kitu. Nazungumzia Chang'ombe, Kizota, Nkuhungu, Chamwino, Nzuguni, hakuna kitu. Kwa hiyo watoto wanaunda kundi, mkubwa wao ana miaka kumi na moja, wanashikana mikono na kuanza safari ya kwenda katikati ya mji. Wanavuka barabara kuu siku ambayo bodaboda wanakimbizana na madereva wengine wametoka kunywa. Wakifika wanazunguka bustani, wanaangalia wenye pesa wakipiga picha, wananunua barafu, wanarudi kwa miguu giza linaingia.

Wasiokwenda mjini wanakwenda korongoni. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko lote. Krismasi yetu inakuja na mvua. Ardhi iliyokaa tangu Mei bila tone inapokea maji ya ghafla, na korongo ambalo jana lilikuwa mchanga mtupu leo linavuta. Mvua inaweza kunyesha vilimani huko, hapa ulipo jua linawaka, na maji yakakufikia. Mashimo yaliyochimbwa mchanga na moramu yanajaa, yanakuwa mabwawa ya watoto kuogelea. Kila aliyekulia Dodoma anayajua haya. Tunayajua na bado tunawaacha.

Zamani kulikuwa na disko toto. Kaka zangu walikwenda, mimi nilikwenda, ukumbi umejaa, jasho, muziki, soda ya moto. Kisha ikaja Idd el Fitr ya mwaka 2008 kule Tabora. Watoto wapatao 20 walikufa kwenye ukumbi wa disko, wamekosa hewa, wamekanyagana. Walitoka nyumbani wamevaa nguo za sikukuu. Mimi nilikuwa bado najifunza kushona, na mwalimu wangu wa cherehani siku ile alizima mashine na kukaa kimya, kwa sababu alijua mahali fulani Tabora kuna fundi kama yeye. Tangu hapo kila sikukuu ikikaribia polisi wanatangaza disko toto marufuku. Sipingi. Ukumbi wa mlango mmoja uliojaa watoto ni kaburi, na aliyepiga marufuku alikuwa na haki. Lakini watoto waliokatazwa kuingia ukumbini hawakuonyeshwa pa kwenda. Miaka yote hii tunawaambia wasiende, na hakuna aliyekaa chini akawaambia basi njooni hapa.

Na hapa pa kuwaita papo. Shule za msingi zinafungwa mwanzoni mwa Desemba na kufunguliwa Januari. Kila kata ya jiji hili ina shule, na karibu kila shule ina uwanja, tena mpana: mchanga mwekundu, magoli mawili, mwarobaini wa kivuli, vyoo, mara nyingi na bomba la maji. Watoto wanaujua kwa sababu ndiko wanakoshinda mwaka mzima, na wanafika kwa miguu bila kuvuka barabara kuu. Siku ya Krismasi geti lina kufuli, mlinzi mmoja ndani, na mbuzi wawili wanajilia majani. Nimepita kwenye shule tatu mwezi huo huo nikaangalia kwa macho yangu. Zote zimefungwa.

Ninachoomba ni geti lifunguliwe saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Krismasi, Boxing Day, Mwaka Mpya, na Idd zote mbili. Basi. Wawekwe mgambo wawili getini. Awepo mhudumu wa afya ngazi ya jamii na kisanduku chake, kwa sababu magoti yatachubuka. Kuwe na meza moja, mtu mmoja na kipaza sauti, ili mtoto akipotezana na kaka yake aitwe pale pale, mama asikimbie kutafuta msikiti. Maji ya kunywa yawepo. Akina mama wanaouza ubuyu, karanga na maandazi wapewe upande wao bila kutozwa ushuru siku hiyo. Mpira wawe nao wanaopenda mpira, kamba wawe nazo wanaopenda kuruka. Na ngoma iletwe. Huu ni mkoa wa Hukwe Zawose, aliyelibeba zeze la Wagogo likasikika dunia nzima, na kuna watoto wamezaliwa Dodoma hawajawahi kuona wanawake wakipiga ngoma ya muheme kwa karibu. Wakikaa mchangani wakasikia ngoma ile inavyoingia kifuani, watarudi nyumbani na kitu.

Wala wazo hili si geni kwa mji wetu. Makao makuu yalipoamuliwa kuhamia hapa mwaka 1973, wataalamu kutoka Kanada waliitwa kuchora mji, na mpango wao wa 1976 ulitaka Dodoma ya watu wanaotembea kwa miguu: kila eneo la makazi na shule yake, soko lake, zahanati yake, na maeneo ya wazi kati yake. Mwalimu Nyerere alitaka mji usiomlazimisha maskini kwenda mbali kutafuta maisha. Baba yangu alihamia hapa miaka ile kama kibarua wa ujenzi, akatusimulia tukiwa wadogo kwamba mji unaojengwa utakuwa na kila kitu karibu na mlango. Sensa ya 2012 ilitukuta 410,956. Ile ya 2022 ilitukuta 765,179. Serikali imehamia, tumeitwa jiji tangu 2018, treni ya SGR inatuletea wageni tangu 2024, na nafurahia yote hayo, wateja wangu wameongezeka. Ila kwa mtoto wa Nkuhungu, sikukuu bado iko mjini, na mjini ni mbali.

Nilimpelekea hoja hii kiongozi mmoja wa mtaa. Alinisikiliza, nampa hilo. Akasema watoto wataharibu mali ya shule, vioo vitavunjwa. Ni kweli, kioo kinaweza kuvunjika. Akasema na watumishi nao ni binadamu, wana familia, wanataka kula pilau kwao. Hapo alinishika, kwa sababu mimi mwenyewe siku ya Krismasi sishoni, nalala. Lakini hospitali hazifungi, polisi hawafungi, na mtaa wenye maelfu ya watu hauwezi kukosa watu wanne wa kupokezana kwa muda wa saa nne. Kamati za shule zipo, vijana wa ulinzi shirikishi wapo, akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wapo na wanajua kusimamia watu kuliko wengi wenye vyeo. Niite mimi. Nitakuja na nyuzi na sindano, maana marinda yatachanika na mama yake atalia kuliko mtoto.

Akaongeza kwamba mji umepambwa taa, na watoto wanafurahia kwenda kuziona. Nalikubali kwa shingo upande. Taa zinapendeza, na hata mimi nikiwa mdogo kwenda mjini kulikuwa nusu ya sikukuu. Sitaki mtoto anyimwe mji. Nataka aende akiwa na mtu mzima, siku mama yake ana nafasi, na si kwa sababu mtaani kwake hakuna pa kukanyaga.

Mengine nitayataja tu. Gari la taka lisikose wiki hiyo, maana mabaki ya pilau na jua letu havikai pamoja. Matairi yanayochomwa barabarani usiku wa Mwaka Mpya yaachwe. Moshi ule unawaua wenye pumu, na lami ni yetu. Na ofisi ya mtaa, kama lazima ifungwe, basi namba iliyoandikwa ukutani iwe ya mtu atakayepokea.

Yule mama alikuja kibandani Januari, siku mbili kabla shule hazijafunguliwa. Alileta elfu tatu ya deni. Nikamwambia deni lilikwisha siku ile, akakataa, akaiweka juu ya cherehani na kuikandamiza kwa mkasi isipeperuke. Alikuja na yule binti, gauni la njano limeshafuliwa, doa la barafu halikutoka kifuani. Akaniomba niongeze pindo ili alivae na mwaka ujao.

Nikalifumua pindo palepale wakiwa wamekaa. Nikakata kipande cha kitambaa cheupe, nikakidarizi jina la mtoto, jina la mtaa na namba ya simu ya mama, nikakishona ndani ambapo hakionekani. Nikamfundisha binti kugeuza pindo na kumwonyesha mtu mzima aliyevaa sare au aliyeshika mtoto. Akajaribu mara tatu mbele yangu, anageuza, anaonyesha, anacheka. Sasa hivi naandaa oda za mwanzo za mwaka huu. Vipande vyeupe nimeshavikata, viko ndani ya kopo la vifungo, na kila anayeleta kitambaa cha mtoto namwomba namba mbili za simu.