Mtoto akija likizo Uganda, kiti chake cha gari kije naye

Kila Desemba uwanja wa ndege wa Entebbe hujaa ndugu zetu wanaorudi kutoka London, Boston, Toronto na Dubai. Masanduku hupangwa kwenye toroli mpaka anayeisukuma haonekani. Zawadi za jajja, yaani bibi, zimo, maziwa ya kopo yamo, nepi za mwezi mzima zimo. Kiti cha gari cha mtoto ndicho hukosekana karibu kila mara. Kimebaki kule, ndani ya gari lililoegeshwa. Ukiuliza utaambiwa, "Uganda hawana habari na mambo hayo."

Jibu hilo linaniuma. Uingereza mtoto hukalia kiti chake mpaka atimize miaka 12 au afikishe urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia. Ujerumani kipimo cha urefu ni sentimita 150. Mzazi huyo kila asubuhi humfunga mtoto kwa safari ya dakika chache kwenda chekechea, kwenye lami yenye taa na alama kila kona. Akitua kwetu, siku ya tatu anampakata mtoto yule yule kwenda Mbarara, malori ya kwenda Rwanda na Kongo yakipishana na mabasi yanayowahi abiria. Mwili wa mtoto haukubadilika angani. Shingo ni ile ile laini, kichwa ni kile kile kizito. Kilichopungua ni askari wa kumuuliza tu. Kwa mwaka mzima, safari hii ndiyo inayokihitaji kiti kile kuliko zote.

Najua kupakata ni mapenzi. Bibi aliyemsubiri mjukuu kwa miaka hataki kumwona amefungwa peke yake huko nyuma wakati mapaja yake yanamngoja. Namwelewa, na bado nitamwomba asubiri tufike. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 hurushwa mbele kwa nguvu inayoweza kufika mara 20 ya uzito wake. Hizo ni kilo 200, sawa na magunia mawili ya mahindi, na hakuna mikono ya mama wala ya baba inayoweza kuyazuia. Kama aliyempakata naye hana mkanda, mwili wake mwenyewe ndio utakaomsaga mtoto kwenye dashibodi. Mkanda mmoja ukiwazungushia wote wawili, mtoto ndiye anayebanwa katikati. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba viti hivi hupunguza vifo vya watoto wachanga garini kwa zaidi ya nusu. Hayo si mambo ya Wazungu.

Basi tuseme kiti kimekuja. Kazi bado, maana kiti hushikwa na mkanda, na mikanda ya nyuma katika magari yetu mengi imezikwa. Tunaponunua gari kutoka Japani, jambo la kwanza ni kulishonea kava za viti, na fundi hupitisha kava juu ya vile vichwa vya kuchomekea mikanda. Nilikwenda Entebbe kumpokea dada yangu kwa gari la kukodi, na dereva, kijana mpole kabisa, akaniambia, "Mama, huko nyuma mkanda hakuna." Tuliinamisha vichwa pamoja, tukaingiza vidole kwenye mshono kati ya kiti na mgongo wa kiti, tukavuta kava, tukatoa karatasi za pipi na sarafu ya mia mbili. Kichwa cha mkanda kilikuwa pale chini, kipya kama siku gari lilipotoka kiwandani. Dereva alifurahi kuliko mimi. Ukikodi gari, uliza habari ya mikanda ya nyuma siku moja kabla, umwombe mwenyewe aitafute. Ukisubiri mpaka mtoto analia kwenye maegesho na ndugu tisa wanataka kuingia ndani ya Noah, utashindwa.

Kiti cha mtoto mchanga, kile kinachotazama nyuma, kamwe kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko huo hufumuka kwa kishindo na kukipiga kiti upande ule ule kilipo kichwa cha mtoto. Kiwekwe nyuma, kifungwe mpaka ukikitikisa pale mkanda unapopita kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu hivi.

Kuhusu ndege, mashirika mengi hupokea kiti cha mtoto bila kukihesabu kwenye kilo zako, lakini taratibu hutofautiana, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi. Aliye chini ya miaka miwili huruhusiwa kupakatwa ndani ya ndege. Ukimlipia siti yake unaweza kumfunga kwenye kiti chake, ila soma lebo kwanza: viti vingi vya Marekani hukubali mkanda wa kiunoni wa ndege, na vingi vya Ulaya hudai mkanda unaopita pia begani. Kikienda kwenye mizigo, kifunge vizuri, na ukikipokea kikague plastiki yote kama ina ufa.

Safari ya basi au teksi ya abiria 14 sina namna ya kuipamba. Pasipo mkanda, kiti hicho ni mzigo tu. Mwenye uwezo na mtoto mdogo achukue gari dogo kwa safari ndefu, hata kama ni kuchangishana na ndugu. Naona ni matumizi bora kuliko nusu ya vitu tunavyonunua Desemba.

Tena wapo watakaosema mtoto atalia. Atalia, ndiyo, hasa siku za kwanza, na hapo ndipo shangazi mmoja husema, "Mtoe tu kidogo anyonye." Kila gari la kwenda Jinja husimama Namawojjolo kwa kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma. La kwenda Masaka husimama Lukaya. Gari linaloweza kusimama kwa ajili ya kuku linaweza kusimama kwa ajili ya kunyonyesha. Mpeni mama dakika ishirini, mtoto ashibe, abadilishwe nepi, arudi kwenye kiti chake.

Na sisi tunaotoka Kampala kwenda nje tukibebe vilevile. Ukivuka Katuna kuingia Rwanda, magari yanaendeshwa upande wa kulia, kwa hiyo kama kiti ulikifunga kushoto ili mtoto ashukie pembeni mwa barabara, kihamishie kulia, la sivyo utamshusha mbele ya magari yanayopita. Ulaya tafuta kiti chenye lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, maana ndiyo inayotambulika huko.

Kama una ndugu anayekuja mwezi wa kumi na mbili na mtoto, mwandikie leo umuulize kama kiti kinakuja. Akisema hawezi kukibeba, bado una muda wa kumtafutia hapa Kampala. Cha mitumba usikichukue kama humjui aliyekitumia, kwa sababu kiti kilichowahi kupata ajali kinaweza kuwa kimepasuka ndani na nje kinang'aa. Kigeuze usome tarehe iliyochapwa kwenye plastiki, kwa kuwa viti hivi navyo huisha muda wake. Likizo ikiisha kikabidhiwe kwa jajja, maana huenda mwakani akaja mjukuu mwingine.