Mbele ya stesheni tatizo sio gari zinazopita, ni zile zilizosimama

Mji wowote wenye stesheni kubwa ya treni lazima ufike siku moja ubishane kuhusu ile barabara ya mbele yake, na ubishi wenyewe ni ule ule kila sehemu. Kuna kundi linasema foleni imezidi, ongezeni leni, wekeni flaiova, watembea kwa miguu wapandishwe juu kwenye daraja wasitusumbue na zebra. Kundi la pili linasema toeni gari zote, wekeni miti na mabenchi, watu wapumue. Na kila kundi lina zile picha zake za kompyuta ambazo jua haliwaki sana, gari ni tatu tu na kila mtu anatabasamu.

Mi nimeshawasikiliza wote na naona wote wana hoja, ila wanabishania upana na nafasi wakati kinachoua lile eneo ni muda. Muda ambao gari moja inakaa imesimama pembeni ya barabara.

Chukua mfano treni inaingia na watu 1,000, treni ya kawaida tu ya mji mkubwa jioni. Tuseme kwa kila watu kumi mmoja tu ndo anafuatwa na gari, hapo ni gari 100. Gari moja kwenye foleni ukijumlisha na ka-nafasi ka mbele yake inakula kama mita 7, kwaiyo hizo 100 zinataka mita 700 za barabara, na hapo treni inayofuata bado haijafika. Hakuna stesheni ya katikati ya mji yenye ukingo wa barabara wa mita 700 wa kuchezea. Utaniambia hazifiki zote kwa wakati mmoja, sawa, ila wanaofuata wageni wao huwa wanawahi, dakika 10, robo saa, treni ikichelewa ndo kabisa, afu wanapanga palepale mlangoni kwasababu kila mtu anataka mgeni wake amuone.

Sasa piga hesabu ya upande wa pili. Una nafasi 10 za kushushia na kupakia abiria. Kila gari ikikaa dakika 2, hizo nafasi zinahudumia gari 300 kwa saa. Ikikaa dakika 10, zinahudumia 60. Nafasi ni zile zile, barabara ni ile ile, na tofauti ni mara tano bila kumwaga hata ndoo moja ya zege. Ndo maana nashangaa mtu anapoleta mpango wa mabilioni wa kupanua barabara wakati hakuna aliyewahi kukaa pale na saa kuangalia gari zinasimama muda gani.

Jam ya pale inavyozaliwa ni hivi. Gari ndogo imesimama sehemu ya basi, imewasha hazadi, zile taa za dharura za kuwakawaka (hazadi siku hizi ni kama kibali cha kusimama popote), dereva yuko kwenye simu, umefika wapi, toka geti kubwa, hapana sio hilo, mi niko hapa nyuma ya nguzo. Basi linakuja, halina pa kuingia, linashushia watu leni ya katikati. Abiria wanakatiza mbele ya gari ndogo na mabegi, teksi ya nyuma inajaribu kulizunguka basi inaziba leni ya tatu, bodaboda wanapenya kati, na basi lingine limeshafika. Barabara ya leni tatu imebaki na nusu leni inayotembea, na chanzo ni mtu mmoja ambae hata hajakasirika, yani yeye anaona amesimama kidogo tu.

Ukiongeza leni ya nne unapata nini? Hazadi nyingine. Leni ikipata taa ya kijani muda wote inapitisha kama gari 1,800 kwa saa, ikipata kijani nusu ya muda inabaki kama 900, kwaiyo mara nyingi kinachobana ni taa ya mbele na vile vizuizi vya pembeni. Unaweza kupanua barabara mita 300 hapo katikati na foleni ikabaki vile vile, ila sasa ni pana.

Lakini watu wa barabara nao wana hoja na wanaharakati wa miti huwa hawapendi kuisikiliza. Reli inakata mji vipande viwili. Sehemu za kuvukia ni chache, daraja moja huku, handaki lile la chini kule, na mara nyingi vivuko hivyo viko karibu na stesheni kwasababu mji ulikua kuizunguka. Kwaiyo gari nyingi unazoziona pale hazina shida yoyote na treni, zinatafuta tu pa kuvukia reli. Ukifunga barabara ya stesheni hao hawahami mji, watatafuta mtaa mwingine, na mtaa huo una shule na watoto. Ambulensi pia inapita hapo, zimamoto inapita hapo. Hoja hii ni nzito na haijibiwi kwa picha ya benchi.

Kinachotakiwa hapo ni kuzijua gari ni za nani kabla ya kuamua chochote. Unaweka watu au kamera pande mbili za eneo wanasoma namba za gari, iliyoingia huku ikatokea kule ndani ya dakika tatu ni mpita njia, iliyochelewa ilikuwa na shughuli ya stesheni. Kazi ya siku chache. Kama wengi ni wapita njia basi dawa ni kivuko kingine cha reli mbali na stesheni, na hela ya flaiova ingeenda huko. Kama wengi ni wa stesheni basi tunarudi kwenye ile hesabu ya dakika.

Waliojaribu kupunguza gari tunao. Watafiti wa Uingereza mwaka 2002 walitoa matokeo ya mifano kama 70 ya sehemu ambazo barabara zilifungwa au kupunguzwa kwa ajili ya magari, nchi tofauti tofauti, wakakuta nusu ya mifano hiyo gari zilipungua kwa asilimia 11 au zaidi, ukihesabu na mitaa ya jirani zilikohamia. Yani kuna safari zilipotea tu, watu walibadilisha muda, njia, wengine wakapanda basi. Wanaopenda kufunga barabara wanaitaja hii kila siku. Wanachosahau ni kwamba nusu nyingine ilikuwa chini ya hapo, kwaiyo sio uchawi.

Angalia Seoul. Mbele ya stesheni yao kuu kulikuwa na flaiova ya mwaka 1970, ilipochakaa na usalama wake kuwa wa mashaka, mji badala ya kujenga nyingine ukaigeuza njia ya miguu yenye mimea kwa urefu wa kama kilomita moja, ikafunguliwa Mei 2017 kwa jina la Seoullo 7017. Kwa watembeaji ni ushindi, maana zamani kutoka upande mmoja wa stesheni kwenda wa pili ilikuwa shughuli. Ila wafanyabiashara wa soko la Namdaemun lililopo jirani waliandamana kabla haijafungwa, wakisema mizigo na wateja watapitia wapi, na baada ya kufunguliwa malalamiko yakawa zege linawaka joto kiangazi na kivuli ni kidogo. Yani ule upande wa watu nao unaweza kujenga kitu kwa ajili ya picha ya kutoka angani.

London nao mwaka 2013 walifungua uwanja mbele ya King's Cross, baada ya kubomoa lile jengo la nyongeza la miaka ya 70 lililokuwa limeuziba uso wa stesheni. Ni pazuri, sibishi. Ila barabara kubwa ya Euston Road bado inapita palepale mbele na gari zake zote. Kupendezesha eneo na kupunguza foleni ni kazi mbili tofauti, na miradi mingi inauza moja kwa jina la nyingine.

Waholanzi ndo naona waliielewa ishu ya kusimama. Pale Amsterdam mabasi mengi yalihamishiwa nyuma ya stesheni upande wa maji, kwenye kituo cha juu, magari yakapitishwa kwenye handaki la chini upande huohuo kuanzia 2015, na 2023 wakafungua maegesho ya baiskeli 7,000 chini ya maji mbele ya stesheni. Utrecht wana ya baiskeli 12,500 chini ya uwanja, ilikamilika 2019. Ukisikia namba hizo unadhani ni habari ya baiskeli, lakini kwangu ni habari ya wapi chombo kinasubiri. Baiskeli zilikuwa zimejaa kila nguzo na kila uzio, uwanja upo ila hautembeki. Walitafuta kwanza sehemu ya kusubiria, ndo uwanja ukapatikana. Bila shaka ni hela nyingi na sio kila mji una mifuko hiyo.

Hata Tokyo, pamoja na umakini wao wote, walipata somo hilo. Mwaka 2016 walifungua kituo cha mabasi ya mbali juu ya reli pale Shinjuku, wakayakusanya mabasi yaliyokuwa yametawanyika kwenye vituo 19 pembeni ya barabara. Mpango safi kabisa, ila teksi za kusubiri abiria zikaanza kumwagikia barabara kuu ya chini ikabidi mpangilio urekebishwe. Mabasi yalipangiwa ratiba na ghorofa, teksi zikaachwa zijipange zenyewe barabarani.

Viwanja vya ndege vingi vilishalimaliza hili kwa njia ya bei rahisi tu, wanaweka eneo la bure mbali kidogo ambapo dereva anasubiri ndani ya gari mpaka mgeni wake apige simu kwamba nimetoka, nina begi mkononi, ndo anasogea mlangoni, anapakia, anaondoka. Kwa stesheni ya mjini kiwanja cha bure ni kigumu kupata, najua, ila hata mtaa wa dakika tano kutoka pale unatosha, na teksi unaziita tatu tatu kutoka kwenye foleni yao badala ya kuziacha 40 zijipange mlangoni.

Kuhusu daraja la watembea kwa miguu niseme haraka maana hili linanikera. Mtu ana begi la magurudumu, mtoto mgongoni, unamwambia apande ngazi 40 ashuke 40 avuke barabara ya mita 14. Hapandi. Atavuka chini, na uzio ukiweka atautoboa. Zebra yenye taa ni bora zaidi, ila taa nazo zipangwe kwa miguu ya watu halisi: kijana anatembea kama mita 1.2 kwa sekunde, hizo mita 14 anazimaliza kwa sekunde 12, bibi mwenye fimbo anaenda mita 0.8 anahitaji karibu 18. Ukimpa sekunde 12 unamuacha leni ya mwisho taa ikiwa nyekundu. Weka kisiwa cha kupumzikia katikati, kazi imeisha.

Kwenye uwanja wenyewe kosa ninaloliona sana ni ukubwa. Mchoraji anataka uwazi mkubwa ili jengo lionekane, afu msafiri anapikwa na jua au ananyeshewa mita 150 kabla ya kufika kwenye basi. Mwenye uzito wa kwanza hapa ni basi, lenyewe ndo lipewe mlango, likae karibu kuliko teksi na karibu kuliko gari binafsi, na njia ya kwendea iwe na paa. Gari binafsi ishushe ubavuni. Ila nafasi mbili tatu za walemavu na wagonjwa zibaki mlangoni kabisa, na hapa nawapinga wale wa kufunga kila kitu, maana uwanja usio na gari kabisa ni mzuri kwa mwenye magoti mazima.

Na wachuuzi. Kila mradi unaanza kwa kuwafukuza na kila mradi unaisha wamerudi. Wanakaa kwenye mstari ambao watu wanapita kutoka mlangoni kwenda kituo cha basi, hawakuuchagua kwa bahati mbaya, na ukiwahamishia nyuma mita 200 ambako hapiti mtu, wiki haiishi. Wanaotaka waondolewe nao wana hoja, meza zikibana njia watu wanamwagikia barabarani na hapo jam inaanza upya. Mi naona wapewe upande mmoja wa mstari huohuo, wachorewe mwisho wa meza, njia ibaki wazi mita 4 au 5 kutegemea na umati. Eneo lenye wauzaji na taa saa nne usiku lina usalama kuliko uwanja mtupu wa marumaru, wanaofika na treni ya mwisho wanalijua hilo. Choo na fundi wa kubadilisha taa zilizoungua huwa havipo kwenye picha za kompyuta, ila bila bajeti yake miaka miwili tu pamekwisha.

Kinachobaki kigumu ni nani atawaondoa wa hazadi. Wengine wanasema tozo, kushusha mlangoni ulipie, kukaa zaidi ya dakika kadhaa ulipie zaidi, kamera inasoma namba hakuna kubishana. Inafanya kazi, viwanja vya ndege kadhaa Uingereza wanatoza hivyo. Ila tozo ya kila anayeshusha inamuumiza pia aliyemleta mama yake na kuondoka ndani ya dakika moja, ambae ndo tunamtaka, na baadhi watashushia barabarani nje ya geti kukwepa, jam imehama mita 100. Mi ningeanza na dakika tano za bure kwa kila mtu halafu bei inapanda kwa kasi, na kabla ya hiyo kamera kufungwa lile eneo la kusubiria liwe limeshafunguliwa na kuwekewa vibao, maana ukimtoza mtu kwa kusimama bila kumuonyesha pa kusimama, atazunguka stesheni nzima mara sita akimsubiri mgeni wake na umeongeza foleni kwa hela yake mwenyewe.